Tuta Upande wa Kulia

Joyline jirani yangu si mwongo. Kutunga uongo kunataka akili. Kazi yake ni kuchorea kiwanda kimoja cha barafu hapa Sindo mahali gesi ya sumu ya kugandishia itafika tangi likipasuka.

Mchana ule wingu lilifunga giza hata kuku wakaingia kulala, na stima ikapotea. Joyline akaweka kwenye kompyuta yake ya mapajani, iliyobaki na chaji, picha ya ramani iliyopigwa kutoka angani. Programu hutaka uonyeshe sehemu mbili ulizopima mwenyewe umbali kati yake kwa tepu, ndipo ijue kipimo cha picha. Akachagua geti la kiwanda na mlango wa nyumba yake.

Kwenye picha, kulia kwa mlango palikuwa na tuta jipya la udongo. Kwetu mwanamume mwenye boma huzikwa upande huo. Akachungulia nje: nyasi tu.

Akampigia mumewe Elkana, aliyekwenda kisiwa cha Remba kununua omena, wale dagaa wa ziwani.

“Uko mzima, baba Terry?”

“Nife nimwachie nani kelele zako?” Akacheka. “Nakuja kesho. Lakini waambie hao waache kuchimba, sikusikii.”

“Nani anachimba?”

Akasikiliza. Nyumba ilikuwa kimya, na nje kimya.

“Hao hapo karibu yako,” akasema Elkana. “Sasa jembe limegonga jiwe.”