Kiti cha Mbele

Gari lilikimbia mita sabini, likajibamiza kwenye ukuta wa zege, na mayai thelathini yaliyokuwa kwenye kiti chake cha nyuma hayakupasuka hata moja.

Ndahani aliliona jambo hilo kwa macho yake. Pua ya gari ilikunjika kama karatasi. Kabla vumbi halijatua, povu jeupe lilikuwa limejaa ndani mpaka madirishani, likaganda, halafu likaanza kuyeyuka na kutiririka chini kama maji ya mchele. Muuzaji, mwanamume mnene aliyeitwa Mrisho, alifungua mlango, akatoa trei ya mayai na kuipitisha mbele ya wateja waliosimama nyuma ya uzio.

"Hili ndilo povu la uhai," alisema. "Limefungiwa ndani ya kila kiti. Ubongo wa gari ukihisi ajali inakuja, unalifyatua kabla hujapepesa jicho. Linakukumbatia, linakuwa gumu, linakuachia. Unatoka unatembea."

"Na hayo mayai mnayala au mnayatupa?" aliuliza Bibi Foibe, mama yake Ndahani.

Watu walicheka. Mrisho akampa trei yote.

Ndahani hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na sita na leseni ya wiki tatu. Maisha yake yote alikuwa amepanda mabehewa ya umma, yanayojiendesha yenyewe juu ya reli kutoka Chigongwe mpaka katikati ya Dodoma. Lakini mwezi wa tatu ubongo wa mji ulihesabu abiria wa Chigongwe, ukaona hawatoshi, na njia ikafungwa. Hakuna mtu aliyepiga kura wala kuitisha mkutano. Asubuhi moja behewa halikuja, basi.

Mke wake Loyce alifanya kazi kiwandani mjini. Watoto wao wawili, Yusta na Amosi, walisoma mjini. Na Bibi Foibe, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa, alitakiwa kufika kliniki ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Kwa mwezi mzima waliomba lifti kwa majirani, na majirani walikuwa wameanza kuondoka mapema ili wasiombwe. Wiki iliyopita bibi alikosa siku moja, akavimba uso. Daktari alimwambia Ndahani waziwazi kwamba mama yake akikosa wiki nzima, asisumbuke kumleta tena.

Magari yanayojiendesha yalikuwa ya wenye nazo. Fundi bomba kama Ndahani alinunua gari lililotumika, la kuendesha kwa mikono, lenye ubongo wa kusaidia tu.

Ofisini alivalishwa glavu ya kipima-dereva. Ilisoma mishipa yake kwa dakika mbili, ikatoa namba.

"Thelathini na moja kwa mia," Mrisho alisema. "Unaogopa sana, kaka. Mwenye hamsini namwonyesha yadi yote. Wewe, kwa alama hizi na kwa pesa uliyotaja, kuna magari matatu."

La kwanza lilikuwa na viti viwili. La pili betri yake ilifika mjini lakini haikurudi. La tatu lilikuwa gari la familia la viti vitano, rangi ya udongo, milango imenyooka. Loyce alilizunguka mara mbili, akagusa kioo cha nyuma, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ndahani alikuwa amekuja na fundi wake, kama kila mtu anavyofanya. Fundi Kibwana alilala chini ya gari, akagonga, akanusa breki, akatoka na vumbi mgongoni.

"Nimetafuta ubaya nimeukosa," alisema. "Mota nzuri. Miguu mizuri. Ngoja nisikilize viti."

Kiti chenye povu zima huvuma kidogo, kama friji ya jirani. Kibwana aliweka sikio kwenye kiti kimoja baada ya kingine. Kwenye kiti cha mbele, kile cha kando ya dereva, alisikiliza muda mrefu.

"Hiki kimekufa."

Mrisho alijikuna shingo. "Nilikuwa nakuja huko."

"Ulikuwa unakuja lini? Sisi tukishafika nyumbani?"

Ikabidi aeleze. Povu hufyatuka mara moja tu. Kiti kile kilifyatua lake miaka minne iliyopita, na mtu aliyekikalia alitoka mzima. Povu jipya haliwekwi, kwa sababu viti vyote vitano vimefungwa kwa lakiri moja ya kiwandani; ukifungua kimoja, umeua vyote. "Ndiyo maana bei yake iko chini," alimaliza.

"Basi tutakiacha wazi," Ndahani alisema.

"Mko wangapi?"

"Watano."

"Dereva mpya anaruhusiwa safari moja asubuhi, moja jioni, miaka miwili. Utakayemwacha hutamrudia. Na usidhani mtapokezana. Kiti kinajifunza mwili wa mtu, uzito na mapigo ya moyo. Kikishamjua, akikaa mwingine gari haliwaki."

"Nitakaa mimi hapo."

"Wewe ndiye dereva."

Ndahani alimtazama Kibwana. Kibwana alikuwa anatazama tairi.

"Nitakaa mimi," Loyce alisema. Lile tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Utakaa wewe mbele, halafu mimi niwe wapi?" Ilikuwa sauti ya Bibi Foibe. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini, trei ya mayai mapajani. "Mbele ni pa mkubwa. Baba yake Ndahani alikaa mbele mpaka kwenye lori lililompeleka hospitali. Mkubwa hapa nani?"

"Mama, umesikia habari ya kiti?" Ndahani aliuliza.

"Mabovu ni mafigo. Masikio yapo. Unataka watu wa Chigongwe waone mama yako amepakiwa nyuma kama gunia la karanga?"

"Mama, ya watu tuyaache," Loyce alisema.

"Wewe una watoto wawili."

"Na wewe una mtoto."

"Ninaye. Huyo hapo, mwenye leseni ya wiki tatu. Nataka nikae karibu naye." Akamgeukia Mrisho. "Baba, hicho kiti kinaegemea nyuma? Mgongo unaniuma."

"Kinaegemea, bibi."

"Basi."

Ndahani alipiga hesabu. Angesubiri alama zake zipande, lakini Mrisho alikuwa amesema huchukua miezi sita. Mama yake hakuwa na miezi sita. Angemkataza kukaa mbele, ingebidi ataje nani akae badala yake, kwa jina, mbele ya watu. Gari lilikuwa linanunuliwa kwa ajili ya mama huyo. Aliweka kidole gumba kwenye kioo cha mkataba, na kioo kikamshukuru.

Jumatatu asubuhi wote walikuwa garini saa kumi na mbili. Bibi Foibe alikuwa amevaa kitenge kipya. Ndahani alibonyeza kitufe cha kuwasha. Gari halikuwaka. Ubongo wake ulisema kwa sauti ya upole, ya kike:

"Kiti cha mbele hakina kinga. Ameketi Foibe Chilewa, miaka sabini na nne. Dereva, sema kama unajua."

Sheria ya kuulizwa hivyo ilitungwa ili dereva asije akasema mahakamani kwamba hakujua. Mrisho hakuwa ameitaja.

Ndahani alibonyeza kitufe tena. Nyuma yake Amosi aliuliza, "Hakina nini?" na Loyce akamwambia afunge mkanda.

"Foibe Chilewa, miaka sabini na nne," gari lilirudia. "Sema kama unajua."

"Jibu, baba," mama yake alisema. "Tunachelewa."

"Najua," Ndahani alisema.

Gari likawaka.

Alitaka kwenda polepole. Lakini barabara kuu haimpokei mtu anayekwenda chini ya kilomita themanini kwa saa. Ukipunguza, barabara yenyewe hukusukuma. Alishika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Mama yake alitaja mambo aliyoyaona nje: mitambo ya upepo, shamba la zabibu, mbwa. Alipumua vizuri. Jioni, wakati wa kurudi, gari liliuliza tena, naye akajibu tena.

Uvimbe usoni mwa Bibi Foibe ulinywea. Alianza kula. Kliniki walisema wamefurahi.

Wiki ya tano, Alhamisi, Amosi alipoteza soksi moja, Yusta akacheka, na Ndahani aliingia garini akiwa bado anagomba. Alibonyeza kitufe.

"Kiti cha mbele hakina..."

"Najua, najua," alisema, akageuka nyuma. "Amosi, vaa hata hiyo moja."

Gari likawaka. Halikuwa limefika kwenye jina la bibi. Aliporudisha uso mbele, mama yake alikuwa anamtazama. Kisha akavuta mkanda wake, akaufunga, akatazama barabara.

Ndahani alishika usukani. Taa ya kijani ya dashibodi ilikuwa imewaka, na nyuma yao gari la jirani lilipiga honi.