Sauti ya Siku ya Kwanza

Treni ya sumaku iliingia Tabora bila kishindo, na juu ya jukwaa sauti ya mwanamke ikawaomba abiria wasogee nyuma ya mstari wa njano. Sauti nzuri, safi, haipandi wala haishuki. Vituo vyote kutoka Kigoma hadi Dodoma vilisema kwa sauti hiyo hiyo. Na chini ya kipaza sauti, fundi Nkwabi alimkuta mwenye sauti amesimama: Bi Kalunde, kibao cha kuandikia kikining'inia kifuani, hana hata mguno. Ugonjwa wa koo ulimnyamazisha miaka mitatu iliyopita.

Alimkabidhi fundi kikopo cha ugoro. Ndani mlikuwa na kadi ya kumbukumbu ya zamani, ukubwa wa stempu. Kisha akaandika, na Nkwabi akasoma taratibu. Alhamisi mchana hospitali ingemtia kooni kinenaji, mashine ndogo kama punje ya kunde inayomsemea mtu asiye na sauti. Kinenaji hufundishwa mara moja tu, siku ya kutiwa; baada ya hapo hakibadiliki tena. Hospitali ilikuwa tayari kukilisha sauti ya reli. Yeye alitaka hii ya kwenye kadi, iliyorekodiwa, alivyoamini, kabla mafundi hawajaisafisha.

"Nikimgombeza mjukuu wangu," aliandika, "atadhani treni imechelewa."

Nkwabi alicheka. Bi Kalunde alicheka kwa mabega. Koo halikutoa kitu.

Mashine za zama hizo hazikuwa na tundu hata moja. Kila kitu kilishuka kutoka hewani. Lakini Nkwabi, aliyezurura migodini na bandarini nusu ya umri wake, akijifunza huku akiharibu, alikuwa bado na kompyuta kuukuu ya Linux na kisomakadi chenye matundu manne, kila tundu kwa aina yake ya kadi. Alichomeka waya wa USB. Taa ikawaka. Kompyuta ikakiri kwamba kisomakadi kipo, ikataja hadi jina la aliyekitengeneza, kisha ikasema: hamna kadi. Siku mbili nzima akabadili waya, akasugua kutu, akazima na kuwasha. Hamna kadi.

Alhamisi asubuhi alikuwa amekata tamaa. Alikuwa amepanga chumba cha tatu katika nyumba ya vyumba sita, milango yote ikitazama kibaraza kimoja. Akasikia mtu anagonga mlango wa kwanza. Kimya, mwenyewe yuko kazini. Ukagongwa wa pili. Kimya. Kisha wake. Alikuwa Bi Kalunde. Alielekezwa nyumba tu, si chumba, na kwa kuwa hana mdomo wa kupiga hodi, alipita mlango kwa mlango.

Nkwabi akamkodolea macho, akasahau hata kumkaribisha.

"Dada, una akili kuliko mashine yangu," alisema. "Yenyewe imegonga mlango wa kwanza, imekuta hamna mtu, ikaondoka zake."

Ndivyo ilivyokuwa. Kadi ilikaa tundu la tatu, na kiini cha Linux, ule moyo unaozungumza na vifaa vyote, kiliuliza tundu la kwanza tu. Fundi akaandika mstari mmoja kwenye mipangilio: uliza yote, hata yakifika manane. Akawasha upya. Yakatokea majina manne mahali palipokuwa na moja. Akaifungua kadi kwa kusoma tu, mkono usije ukateleza ukafuta.

Mlikuwa na siku tatu za kurekodi. Ya kwanza ilianza na mlango ukifunguliwa, na msichana akisema, "Hodi jamani, nimechelewa," akicheka. Akacheka tena aliposema "abiria", ulimi ukimteleza. Mwanamume akamwambia arudie bila kucheka. Akarudia. Akaambiwa arudie. Siku ya pili alicheka mara moja. Siku ya tatu hakucheka kabisa, na hiyo ya tatu ndiyo Nkwabi aliyokuwa akiisikia kila kituo. Hakuna fundi aliyeisafisha. Ilisafishiwa mdomoni mwake mwenyewe.

Bi Kalunde alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha akaandika: "Siku ya kwanza tu."

Nkwabi hakutaka kumficha. Siku zote tatu zingekitosha kinenaji kuunda neno lolote. Siku moja ilikuwa na maneno mia tisa, mengi ya reli, na hayo ndiyo angekuwa nayo maisha yake yote.

"Jina la mjukuu wako hutaweza kuliita," alisema. "Langu pia."

Alifuta kibao kwa kiganja, akaandika tena: "Siku ya kwanza tu."

Mwezi ulipita. Nkwabi alikuwa ameinamia kazi aliposikia, kule mlango wa kwanza, "Hodi jamani." Sauti ya msichana, kwa mwanamke wa miaka sitini na kitu. Alijua vizuri sana chumba cha fundi ni cha tatu.  Nkwabi aliweka bisibisi chini, akangoja.

"Hodi jamani," mlango wa pili.

Kisha kivuli kikasimama mlangoni kwake, na kile kicheko.

"Hodi, abiria."

"Karibu," alisema Nkwabi. "Karibu ndani, dada."

Kibao bado kilining'inia kifuani. Kilikuwa na neno moja tu, Nyamizi, jina la mjukuu wake, kwa wino usiofutika.