Simu ya Kazi Si ya Runinga

Mbaabu ni mkulima wa miraa, nje kidogo ya mji wa Maua. Asubuhi yeye hukwea miti akachuma. Mke wake Gatakaa na mama yake Mukiri hufunga mabunda kwa majani ya migomba. Saa nane mchana pikapu ya Thuranira huondoka Maua kwenda Nairobi. Haingoji mtu. Miraa ikilala hunyauka, na miraa iliyonyauka hata mbuzi huinusa akapita.

Nyumba hii inapenda runinga. Walikuwa na king'amuzi, na dishi juu ya paa. Chaneli zilikuwa nyingi kama kunguni, lakini wao walitazama tatu tu. Mvua ikinyesha, picha inapotea. Mwezi ukiisha, zote zinapotea.

"Nimechoka kulipia chaneli za watu wengine," Mbaabu akasema. Akapanda juu ya paa, akateremsha dishi. Gatakaa akaanikia maharagwe ndani yake.

"Na sasa tutatazama nini? Ukuta?" Mukiri akauliza.

"Intaneti, mama. Runinga yetu inaweza. Simu yangu ndiyo itakuwa inairushia."

Ikawezekana kweli. Mbaabu akienda shambani, anaiacha simu kando ya runinga. Mukiri anafunga miraa huku akitazama mchezo wake wa kuigiza. Tatizo lilikuwa moja. Simu ikilia, picha inakwama.

"Ikilia, wewe bonyeza hapa penye rangi nyekundu," Mbaabu akamwambia. "Nitawapigia baadaye."

Mtu mzima akikuambia ubonyeze, unabonyeza.

Jumanne pikapu iliondoka mapema. Thuranira alikuwa amepiga simu kumwambia Mbaabu. Mukiri akabonyeza. Saa nane Mbaabu alifika Maua na mabunda yake, akakuta moshi tu. Miraa ya siku nzima ikaharibika.

Thuranira hakuficha hasira. "Kuna wakulima wengi wanataka nafasi yako," alisema. "Ukikosa tena, usiniletee hata jani moja."

"Ni netiweki," Mbaabu akajitetea. "Simu haikuingia."

Nyumbani pia alilaumu netiweki. Mukiri akatazama dari, kana kwamba kule juu kuna jambo geni.

Ijumaa asubuhi Mbaabu alikuwa juu ya mti. Akasikia mtu anakuja mbio, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Baba Kendi! Shuka! Shuka haraka!"

Alikuwa jirani yao Gatwiri, msichana anayeunganisha intaneti katika maduka ya Maua.

"Kuna nini? Nyumba inaungua?"

"Afadhali ingeungua! Thuranira amekupigia mara sita, simu inakatwa. Ndipo akanipigia mimi. Gari linatoka saa sita!"

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa tano na dakika ishirini."

Mbaabu aliteremka vibaya, akachubuka goti. Barazani nusu ya miraa ilikuwa bado haijafungwa. Gatakaa akaanza kufunga, lakini kwa haraka kamba ikamponyoka. Gatwiri akachuchumaa kando yake, akafunga pia. Mukiri akatoka ndani na majani ya migomba. Ndani, runinga ilikuwa inacheka peke yake.

"Haya yanatosha! Nenda na haya!" Gatakaa akasema.

"Na yaliyobaki?"

"Baba Kendi, nenda!"

Bodaboda ilimpeleka kwa kasi, magunia mawili nyuma yake. Walipofika Maua, pikapu ilikuwa imeshawashwa na inageuka kuingia barabarani. Mbaabu aliruka chini kabla pikipiki haijasimama. Akajiweka mbele ya gari, mikono juu.

Thuranira alitazama saa yake. Kisha akamtazama Mbaabu, na goti lenye damu.

"Pakia," akasema. "Lakini nisikilize. Kuanzia leo nitapiga mara moja. Mara moja tu."

Aliporudi, Mbaabu alimkuta Gatwiri bado yuko, anakunywa chai.

"Nani alikuwa anakata simu?" Mbaabu akauliza.

Kuku ndiye aliyejibu.

"Ni mimi," Mukiri akasema mwishowe. "Lakini nilitumwa. Aliyenituma ana goti bovu."

Gatakaa akacheka mpaka akamwaga chai. Mbaabu hakucheka.

"Nitarudisha dishi," akasema.

"Dishi halina kosa, na intaneti haina kosa," Gatwiri akamwambia. "Kosa ni simu moja kufanya kazi mbili. Ng'ombe wa maziwa humfungi plau. Simu ya kazi ikae mfukoni mwako, hata ukiwa juu ya mti. Runinga itafutie kifaa chake kidogo cha intaneti, chenye laini yake."

"Kitamaliza bando siku moja!"

"Kitamaliza kama picha ni ya ubora wa juu kabisa. Nenda kwa mipangilio, uchague ya chini. Macho ya Nyanya hayatajua tofauti."

"Macho yangu yanakuona vizuri sana," Mukiri akasema. "Hata unavyochovya kipande cha tatu cha mkate wetu."

Gatwiri akacheka, akachovya. "Jambo lingine. Mtu akiwaletea kiungo cha kutazama mpira bure, msifungue. Akiomba namba ya siri, msimpe, hata akijiita mchungaji. Na kabla ya kulipia filamu kwa mwezi, ulizeni kwanza kama mnaweza kuacha kulipa wakati wowote."

Jumamosi walinunua kifaa. Gatwiri akamfundisha Mukiri rimoti, kitufe kwa kitufe.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ililia juu ya mti. Ililia mara moja tu. Mbaabu akaipokea kabla haijamaliza kulia.

"Saa tano na nusu," Thuranira akasema.

"Tunakuja."

Akapiga kelele mpaka nyumbani. Gatakaa akakimbilia majani ya migomba. Mukiri alikuwa katikati ya mchezo wake. Yule bwana mwongo alikuwa anaingia kwa mke wa rafiki yake. Mukiri akabonyeza kitufe, akatoka, akaketi barazani kufunga.

Saa tano na robo mabunda yote yalikuwa Maua. Thuranira akayapanga mbele kabisa.

Mbaabu aliporudi, aliona picha imeganda kwenye runinga.

"Mama, bando limeisha?"

"Halijaisha," Mukiri akasema, akijifuta mikono. "Nimemsimamisha huyo bwana, mguu mmoja mlangoni. Amesimama hapo saa nzima. Sasa nileteeni chai, ndipo nimruhusu akatende dhambi yake."