Picha ya Golikipa ni ya Nani?

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye kujiamini, na hao ndio wabaya zaidi.

Mimi ni fundi cherehani. Mke wangu alishafariki. Binti yetu ameolewa mbali. Nyumbani tumebaki mimi na cherehani, nayo haiongei mpaka niikanyage. Nikichoka kushona, nafungua simu na kusoma kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea. Yeyote anaweza kuongeza anachokijua.

Humo nikakuta ukurasa wa timu ya wanawake ambayo mke wangu aliidakia ujanani. Walimtaja: “Golikipa wao aliitwa Sumaku, kwa jinsi mpira ulivyonasa mikononi mwake.” Basi. Mtu niliyeishi naye miaka yote, mstari mmoja! Picha hakuna. Nikasema hapana, lazima watu wamwone.

Sebuleni kwangu kuna picha yake ukutani. Ameruka, vidole vimegusa mpira. Nikaipiga picha kwa simu, nikaipandisha kwenye ukurasa ule. Kamusi ikauliza: hii ni kazi ya nani? Nikajibu bila kupepesa: yangu mwenyewe. Tangu hapo, kila asubuhi nilifungua ukurasa ule kabla ya kazi nikamsalimia, “Umeamkaje?”

Asubuhi moja nikakuta patupu. Picha imeondolewa. Nilihisi kama amefariki tena.

Nikaenda kugonga kwa jirani yangu, mkutubi, ambaye naye huandika kwenye kamusi hiyo hiyo.

“Binti, wamenifutia mke wangu!”

“Shikamoo kwanza, baba.”

“Marahaba. Wamemfuta!”

Akaiangalia picha kwenye simu yangu. “Hii uliipiga wewe?”

“Kwa kidole hiki hapa.”

“Na huyu mwenye kipara anayeng’aa kwenye kioo cha fremu, naye alikuwa uwanjani?”

Kipara kilikuwa changu.

“Ulipiga picha ya picha, baba. Ukinakili barua yangu neno kwa neno, barua inakuwa yako? Kwa kawaida hakimiliki ni ya mpiga picha, yule aliyechagua pa kusimama na kuuvizia mruko ule. Hata aliyemo ndani ya picha haimiliki.”

“Lakini iko ukutani kwangu!”

“Karatasi ni yako, itundike mpaka ichakae. Haki ya kuisambaza ni kitu kingine.”

“Si nasikia kuna matumizi ya haki? Eti kwa elimu mtu anaruhusiwa?”

“Nchi nyingi zinaruhusu kiasi, kama mwalimu darasani, au mtu anayeichambua kazi yenyewe. Ila ghala la picha la kamusi hii linapokea picha huria tu. Mwenye haki aseme kwamba yeyote anaweza kuitumia, kuibadilisha, hata kuiuza, mradi jina lake litajwe. Akishasema, harudi nyuma. Mpiga picha yu hai?”

Yu hai. Ndiyo iliyokuwa shida yangu. Ujanani tulimposa msichana mmoja, nikapata mimi. Tangu hapo salamu zetu zilikuwa za ng’ambo ya barabara.

Mkutubi akanisindikiza. Studio ya mpiga picha ilikwisha kufungwa. Mwenyewe alikuwa akiishi chumba cha nyuma, katikati ya maboksi ya filamu za zamani. Kiti cha mgeni kilikuwa na vumbi, akakipangusa kwa kiganja.

“Umekuja kunipima suti ya kuzikwa?” akaniuliza.

“Nimekuja kukuomba,” nikasema.

Mkutubi akamweleza yote, hata lile la watu kuweza kuiuza. Hakumficha kitu. Yule bwana akafikiri, macho kwenye maboksi.

“Waitumie,” akasema. “Humu ndani nani anaziona?”

Akaitafuta filamu yenyewe. Mkutubi akainakili vizuri kwa mashine ya maktaba, bila kipara. Kisha mpiga picha akawaandikia barua pepe wanaokagua ruhusa, kwamba yeye ndiye aliyeipiga na anaitoa kwa leseni huria. Akaitaja leseni yenyewe.

Picha ikarudi. Tuliitazama sote watatu kwenye kompyuta ya maktaba. Katika ukurasa wa majadiliano mwanamke fulani alikuwa ameandika: “Nilicheza beki mbele yake. Sumaku! Nilidhani nimebaki peke yangu ninayemkumbuka.” Tulisoma, tukarudia kusoma. Wazee wawili, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Lakini mimi na mdomo wangu! Nikaona chini ya picha pameandikwa jina la mpiga picha.

“Jina lako chini ya mke wangu?” nikaguna. “Watu watadhani alikuwa wako. Mumewe ni mimi, liandikwe langu!”

“Baba, hapo hutajwa aliyepiga picha, si aliyeoa,” mkutubi akasema.

“Hata kama! Nimeishi naye mimi!”

Mpiga picha akavua miwani, akaifuta taratibu.

“Ndugu yangu, wewe ulikuwa naye maisha mazima. Mimi nilikuwa naye kufumba na kufumbua. Hata hapo unataka usimame wewe?”