Jibu Lenye Mikia

Jumapili pale sokoni Kibuye hakuna nafasi hata ya kunyoosha mkono, lakini kijana mwenye fimbo nyeupe alipita katikati ya mitumba kama mwenye soko. Shati lake la samawati lilikuwa limepigwa pasi likapigika. Akafika kwenye meza ya Lornah Akello, akashika gauni moja na kulisugua kwa vidole viwili.

"Hii ni rangi gani, madam?"

"Kijani."

"Kijani gani? Macho yaliniacha nikiwa darasa la tatu, lakini rangi nilibaki nazo."

Lornah akafikiri. "Ya sukuma wiki kabla haijapikwa."

"Basi nifungie, ni ya mamangu. Ya iliyopikwa singechukua."

Lornah akacheka mpaka majirani wakageuka. Kijana aliitwa Dishon Oyugi, mpiga kinanda wa kanisa moja Kaloleni, na tangu siku hiyo simu zao hazikukauka. Lornah alikuwa mdadisi wa kupindukia. Unajuaje umemaliza kunyoa ndevu? Ukiota, unaona? Dishon alijibu yote, na lililomshinda alimwita jaber, mrembo wake, akabadilisha mada. Hawakuandikiana hata mara moja, maana sauti iliwatosha.

Miezi saba baadaye, wakiwa wanakula samaki ufukweni Dunga, Dishon akaweka mfupa kando.

"Nimepata kazi ya kufundisha muziki Nakuru. Naenda Jumamosi. Lornah, nataka unioe... ai, mimi ndiye nikuoe."

"Yawa! Hata hujui nani anaoa nani?"

"Usinijibu sasa. Nitumie meseji, simu inisomee nikiwa peke yangu, niirudie vile nataka. Alhamisi ikipita bila jibu nitaelewa, na sitakusumbua tena."

Sasa, Lornah aliuza nguo mtandaoni pia, na matangazo yake yalijulikana kwa herufi za madoido: nene, za kujikunja, zenye mikia mirefu. Neno kubwa kuliko yote maishani mwake angelivalisha herufi za kila siku? Thubutu! Alhamisi asubuhi alichagua mtindo mzuri kuliko yote, akaandika neno moja, akatuma. Alama za kusomwa zikageuka buluu. Akangoja simu. Haikulia siku hiyo, wala Ijumaa asubuhi. Moyo ulimuuma, kisha ukawaka hasira.

Ijumaa saa sita akampigia.

"Dishon, kwani umenidharau?"

"Mimi? Ni wewe umenitumia hesabu! Kama hutaki, si ungesema tu hapana?"

"Hesabu gani?"

Hakungoja kujibiwa. Alimwachia jirani meza, akaenda kwa Dishon Kaloleni akiwa bado amejifunga mkanda wa pesa kiunoni. Dishon alikuwa anafunga mizigo. Akaigusa simu yake, na ile sauti inayomsomea kila kitu ikaanza: "Herufi ya hisabati, nene, ya mwandiko. Herufi ya hisabati, nene, ya mwandiko..."

"Nimeisikiliza mara ishirini," Dishon akasema. "Haifiki kwenye neno."

Lornah akaketi juu ya sanduku. Kumbe madoido yake simu iliyasoma kama alama za hesabu! Aliona haya kweli kweli. Alikuwa amemuuliza mtu huyu kila kitu, hata anavyojua uji umeiva, ila hakuwahi kumuuliza simu yake inasomaje.

"Nisamehe, Dishon. Nilitaka likae zuri."

Dishon akasogea, akaketi kando yake. Kisha uso ukamlegea.

"Ziko aje, hizo herufi? Mwenye macho anaona nini?"

Lornah akamshika mkono, akakifungua kiganja, akachora N kwa ukucha. Mkia wake ulizunguka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Na huu wote ni wa nini?"

"Urembo tu."

"Endelea. Usiruke mkia hata mmoja."

Ikaja I, ikaja M, ikaja E. Alipofika B, Dishon akakifumba kiganja.

"Lornah, malizia na mdomo. Siwezi kungoja."

"Nimekubali."

Akauficha uso wake begani mwa Lornah, akakaa hapo mpaka bega likalowa.

"Rudia," akasema.

"Nimekubali, Dishon."

"Hapana. Ile ya mkononi. Kutoka mwanzo."