Ukuta wa Manjano Uliokataa Kukauka

Ukuta wa manjano ulikataa kukauka.

Kuta nyingine zilipakwa asubuhi, na kufika saa nane mchana ungeweza kuziegemea bila wasiwasi. Huu wa sebuleni ulikuwa na siku ya nne sasa, na kila aliyeugusa aliondoka na kidole cha manjano. Fundi wa rangi alikipangusa chake kwenye suruali. Mafundi wenzake walimwita Fundi Brashi, kwa kuwa miaka thelathini ya kazi hawakuwahi kumwona bila brashi nyuma ya sikio.

"Dada, ukuta huu una aibu," alisema. "Unatoka jasho tukiuangalia."

Aliyeambiwa hivyo alikuwa mpambaji wa nyumba. Alishapamba hoteli, ofisi na vyumba vya maharusi, lakini hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupamba nyumba aliyozaliwa. Ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa tatu, nyembamba kama kabati, imebanwa na nyumba mbili za rika lake. Ilikuwa na kuta nene za mawe zenye vishubaka vya kuwekea taa, boriti nyeusi darini, na ngazi za kupanda kwa kushika goti. Tangu apate akili zake, mpambaji aliijua nyumba hiyo nyeupe tupu, chokaa juu ya chokaa.

Weupe huo ndio ulimrudisha. Mama yake, mjane aliyebaki peke yake humo, alikuwa akipoteza macho mwaka hadi mwaka. Daktari alisema kilichokwisha kwenda hakirudi. Kilichobaki kilikuwa uwezo wa kutambua rangi kali tu.

"Nyeupe juu ya nyeupe, mwanangu, ni kama kutembea ndani ya maziwa," mama alimwambia, baada ya kuanguka ngazini mara ya pili.

Basi binti akachora mpango. Cha zamani kisitolewe: kabati la nakshi libaki, boriti zibaki, dari ibaki nyeupe ili vyumba vipumue. Lakini sebule iwe ya manjano, ukumbi wa juu kijani cha chupa, mlango wa chumba cha mama mwekundu, na ukingo wa kila ngazi upakwe mstari wa rangi ya chungwa. Akaleta makochi ya kisasa, ya chini, yasiyo na pembe za kuumiza magoti, na taa moja ndefu ya chuma iliyoinama juu ya kiti cha mama kama mtu anayesikiliza. Mama angeijua nyumba yake kwa rangi, bila kushikwa mkono.

Rangi haishiki juu ya chokaa, kila fundi analijua hilo. Kwa hiyo Fundi Brashi aliikwangua yote, tabaka kwa tabaka, mpaka akafika kwenye plasta ya mwanzo. Hapo sebuleni alishangaa kidogo. Plasta ilikuwa na unyevu, na ilikuwa na joto, kama shingo ya mtu mwenye homa. Alidhani ni bomba la jirani. Akapaka.

Siku ya tano asubuhi, mpambaji alikuta ukuta umekauka hatimaye. Lakini palikuwa na sehemu mbili zisizo na rangi kabisa, plasta inaonekana. Zilikuwa ndefu, zimepanda kutoka usawa wa kiuno hadi juu ya kichwa, kama mtu aliyechota kwa viganja viwili na kuvuta.

"Fundi, umekwangua hapa?"

"Nikwangue kazi yangu mwenyewe? Mimi mwehu?"

Sakafuni hapakuwa na tone wala ganda. Fundi Brashi akaziba pale. Siku hiyo hakutania tena.

Saa sita mama alishuka, mkono mmoja ukutani, miguu ikifuata mistari ya chungwa, uso umemng'aa kwa furaha. Alishuka ngazi zote bila kujikwaa.

"Naona!" alisema. "Mwanangu, naona! Na huyo mgeni wako mmwambie akae, mbona mmemwacha wima tangu jana?"

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyo wa nguo ya manjano."

Mpambaji alimtazama fundi. Fundi alitazama viatu vyake.

"Ni ukuta, Mama," binti akasema taratibu. "Ukuta ndio wa manjano."

"Ukuta naujua," mama akajibu, akicheka. "Ukuta hautikisi kichwa."

Binti alijiambia macho mabovu hudanganya. Alijiambia hivyo tena siku ya sita, walipokuta ukumbi wa kijani umechotwa vilevile, na mama akasema mgeni sasa amevaa kijani upande mmoja. Lakini siku ya saba hakuwa na la kujiambia. Yeye na Fundi Brashi walikuwa jikoni wakila mkate, brashi zote zimelowekwa ndani ya kopo mbele yao, waliposikia mtu anapaka rangi. Ni sauti wanayoijua kama sauti za mama zao: shwaa, juu, shwaa, chini, kimya kidogo cha kuchovya, shwaa. Ilitoka sebuleni. Wakaenda kwa ncha za vidole. Sebule ilikuwa tupu, na sauti ilikuwa ndani ya ukuta, inapaka upande wa ndani, ikifuatana na harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi na ya nywele zilizoungua.

"Dada," fundi alinong'ona, "mimi nina watoto."

"Usiniache, Fundi."

"Sikuachi. Natoka nje kupumua."

Alitoka. Siku ya nane hakuja.

Jioni hiyo ya siku ya nane binti alimsihi mama wahamie kwake kwa muda. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumfokea, alipandisha sauti.

"Nihame sasa? Sasa ndipo ninapoanza kuona! Unajua ameniambia nini? Amesema rangi yako imempa nguo baada ya miaka mingi ya uchi. Amesema amebakiza kitu kimoja tu, na akikipata, nami nitaona kama msichana."

"Amebakiza nini?"

Mama alisita, kama aliyesikia swali hilo kwa mara ya kwanza. "Hakusema," akajibu.

Siku ya tisa mvua kubwa ilinyesha alasiri, umeme ukakatika, na nyumba ile ya madirisha madogo ikaingia giza kabla ya wakati wake. Mpambaji alikuwa chini akikunja maturubai ya kazi. Alisikia mama anaongea juu, sauti ya chini, ya mtu anayejibu maswali. Akaita. Mama hakuitikia. Akaanza kupanda, na ngazi ya kwanza ilikuwa na mstari wake wa chungwa, na ya pili, lakini kuanzia ya tatu mistari ilikuwa imefutika, imelambwa safi hadi kwenye ubao, na kadiri alivyopanda ndivyo harufu ya kisima ilivyomjaa puani na kooni, na ukumbi aliouacha wa kijani asubuhi sasa ulikuwa plasta tupu iliyotoka jasho, na mlango wa mama, uliokuwa mwekundu, haukuwa na rangi yoyote, ulikuwa wazi, na ndani yake, mbele ya kiti alichokalia mama, kilisimama kitu kirefu kiasi kwamba kilikuwa kimeinamisha shingo chini ya boriti, kimejivika rangi zake zote, manjano kifuani, kijani begani, nyekundu mikononi hadi kwenye viwiko, rangi iliyokunjamana kama utando juu ya maziwa yaliyopoa, na rangi ilipokuwa haijafika hapakuwa na mwili, palikuwa na ukuta wa nyuma unaoonekana. Nacho kilikuwa kimeushika uso wa mama yake kwa viganja viwili, kwa upole kabisa, kama mtu anayemshika mtoto, vidole gumba vimelala juu ya kope zake, na kilipogeuka kumtazama binti hakikumtazama, kwa sababu usoni, mahali pa macho, hapakuwa na kitu.

Binti, hata leo hajui alipata wapi ujasiri, alimrukia mama yake kiunoni akamvuta chini pamoja na kiti. Walianguka. Kitu hakikuwafuata. Kilibaki kimeinama, mikono ikipapasa hewa, kikitafuta uso uliokuwa pale.

Alijitoa yeye na mama yake kwa kutambaa, kutoka chumbani hadi barabarani, na huko mvuani wakamkuta Fundi Brashi amesimama chini ya baraza la jirani, pembeni yake mwanamke mfupi mwenye miwani mizito.

"Nilikwambia sikuachi," fundi alisema. "Huyu ni Bibi Miwani. Aliwahi kumtoa shetani shemeji yangu."

Bibi Miwani alikuwa mshonaji nguo mstaafu, na uganga wake ulikuwa dua, chumvi na ukali. Hakutaka hadithi ndefu. Aliuliza swali moja: nani alikuwa akipaka chokaa nyumba hii?

"Mama yangu," mama akajibu. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka usoni. "Kila mwaka, kwa mkono wake. Hata mwaka wa njaa aliuza shuka akanunua chokaa. Tulidhani ni usafi tu."

"Hakuwa akisafisha, alikuwa akifunika," Bibi Miwani alisema. "Fundi, tafuta chokaa. Wewe binti, nipe maji na chumvi. Na wewe, mama, utaingia na mimi. Limeushika uso wako, nawe ndiye wa kulikatalia. Mimi nitalisukuma tu."

Waliingia wote wanne. Bibi Miwani alimkalisha mama sebuleni, akanyunyiza maji ya chumvi kandokando ya ukuta, ambao nao sasa ulikuwa plasta tupu, akaanza kusoma kwa sauti ya chini isiyopumzika. Juu yao mbao zililia. Kitu kilikuwa kinashuka. Kilishuka polepole, kikigusagusa ukuta kwa viganja, na binti aliyekuwa ameikumbatia miguu ya mama yake alifumba macho, akasikia harufu tu, na baridi, na pumzi ya mama ikikatika.

Kisha kinywa cha mama kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke.

"Nimekaa chini ya chokaa, sina umbo. Huyu binti kanipa nguo. Nguo haina macho."

"Macho si yake kukupa," Bibi Miwani alisema.

"Yeye aseme. Nimwonyeshe uso wa mwanawe. Hajauona miaka sita."

Fundi Brashi alikuwa mlangoni na ndoo ya chokaa, ameganda. Binti alihisi mkono wa mama ukishuka kichwani mwake, ukapapasa paji la uso, pua, mashavu, kidevu. Mkono ulikaa hapo muda mrefu.

"Uso wa mwanangu naujua," mama akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Macho yangu mabovu, lakini yangu. Toka!"

"Paka, Fundi!" Bibi Miwani akafoka.

Fundi Brashi alipaka kama mtu anayezima moto, kwa brashi, kwa mikono, chokaa ikimrukia kinywani, naye analia waziwazi, huku ukuta ukipiga kelele za shwaa, shwaa upande wa pili, na mama akijinyoosha kitini hadi mifupa ikalia, na dua ikipanda juu ya vyote hivyo bila kukosea neno, mpaka kipande cha mwisho cha plasta kilipozama ndani ya weupe na nyumba nzima ikatulia ghafla.

Mama alikuwa hai. Alifungua macho akayageuza huku na huku.

"Umeme bado?" akauliza.

Ulikuwa umerudi. Taa ndefu ya chuma ilikuwa inamwakia usoni.

Binti aliangua kilio. "Nilitaka uone, Mama. Nimekumalizia hata kilichobaki."

"Nyamaza," mama alimwambia, akimvuta kifuani. "Niliona. Siku zote hizi nilitembea nyumbani kwangu kama bibi harusi. Nani mwingine angenipa hilo?"

Walipoagana mlangoni, Bibi Miwani alivua miwani akaipangusa muda mrefu. "Ukutani limetoka," alisema, akaenda zake haraka kuliko umri wake.

Wiki tatu zikapita. Nyumba ilikuwa nyeupe kutoka chini hadi juu. Makopo ya rangi yalitolewa yote. Binti alihamia humo amwangalie mama, na polepole usingizi ukamrudia. Mama naye alijifunza kwa miguu alichokosa kwa macho. Alihesabu ngazi kwa sauti, akapanda na kushuka bila msaada, na majirani wakamsifu.

Asubuhi moja binti alikuwa jikoni, mlango wazi, akimtazama mama anavyoshuka na sinia ya vikombe. "Kumi na moja, kumi na mbili," mama alikuwa akihesabu. Katikati ya ngazi akasimama. Akajibana ukutani, akainua sinia juu kidogo, kama unavyofanya ukimpisha mtu mkubwa mahali pembamba. Akasubiri. Ukingo wa kanga yake ukavutika, kisha ukarudi. Akaendelea kushuka.

"Mama," binti alisema kwa sauti ndogo, "ulikuwa unampisha nani?"

Mama aligeuza uso kuelekea jikoni, sauti ilikotoka. Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia.

"Kwani," aliuliza, "si wewe uliyepita?"

Binti alimpokea sinia, akaiweka sakafuni, akamshika mkono. Walitoka vilevile, mama akiwa peku, na birika wakaliacha motoni. Fundi Brashi ndiye aliyekwenda kulizima, mchana kweupe, akiwa na wanaume watatu. Anasema walilikuta limeshazimwa.