Maranda Uvunguni

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu Machi, asubuhi, pale fundi seremala alipoingia kituo cha polisi akasema mkewe ameteleza bafuni, amekufa.

Inspekta hakupoteza muda. Chumba kilikuwa nyuma ya karakana. Maiti ilikuwa kitandani, imefunikwa shuka hadi shingoni. Uso wa kitoto, midomo imepauka.

Akaenda bafuni. Sakafu kavu, hakuna hata tone la damu. Akarudi chumbani, akapiga goti, akachungulia uvunguni. Kwenye kona ya ukuta palikuwa na maranda ya mbao.

"Fundi, huwa unapiga randa chumbani?"

"Hapana, afande."

"Haya yamefuata nini huku?"

Fundi akameza mate. Alikuwa amefanya kile anachofanya kila vanishi inapomwagika: alimwaga maranda yafyonze, akayazoa. Ila ufagio haukufika kwenye kona. Inspekta akayachota kwa kibano. Yalikuwa yameganda kwa damu.

"Mkeo ana umri gani?"

"Ishirini."

"Labda huo ni wako wewe."

Mama wa fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingilia kati. "Afande, usituchokonoe. Tuna msiba."

"Pole, mama. Ndiyo maana nauliza."

Mchana daktari aliyepasua maiti akapiga simu. "Hakuanguka huyu. Mtoto alikwama, kizazi kikapasuka. Nyonga changa, inspekta. Miaka kumi na minne, haizidi. Angefikishwa hospitali mapema, wangepona wote wawili."

Na hospitali yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara tu! Inspekta akamweka mama wa fundi kwenye kiti cha mahojiano.

"Mama, geti la hospitali unaliona ukiwa jikoni kwako. Mbona hamkuvuka?"

Mama akavuta kanga, akajifunika uso.

"Alilia?"

"Alimwita mama yake. Mlango niliufunga mimi. Kule wangeuliza umri, mwanangu angefungwa. Nikasema atajifungua tu, mbona sisi tulijifungua?"

"Na baba wa binti alimwoza kwa nini?"

"Shule iko mbali. Njiani wahuni walikuwa wanamshika. Baba mtu alikuja kushtaki hapa hapa, mkuu wenu akamwambia, mwoze tu, upumue. Harusini mkuu huyo akaja, akakaa kiti cha mbele, akala akashiba, akatuombea heri. Leo mnanikamata mimi!"

Inspekta akafunga daftari. Wakubwa hao: mtu akishtaki, miguu mizito; pilika za harusi, wa kwanza kufika. Aliamuru mama na mwana watiwe mahabusu, kisha akapanda ngazi na kuingia ofisini kwa mkuu wa kituo bila kubisha hodi.

"Nasikia yule mama amekiri," mkuu alisema, akitabasamu. "Safi sana! Nilijua tu, wewe hushindwi. Funga jalada."

"Amebaki mmoja, afande."

"Nani tena?"

Inspekta akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Siku ya harusi ulikaa mbele kabisa. Ulipomtazama bibi harusi, ulimwona ana miaka mingapi?"